Mvua Ikishafika Chini

Mhadhara wa wazi uliotolewa Dodoma mbele ya walimu, maafisa ugani, wakulima, wafugaji na wanafunzi



Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na nawashukuru zaidi ninyi mliokubali kukaa ndani alasiri ya Oktoba, katika ukumbi ambao feni zake, kama mnavyoona, zimegoma. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ni uhusiano wa mimea, udongo, maji na hali ya hewa. Ni mada inayoweza kumeza mwaka mzima wa masomo, kwa hiyo nimeibana. Kusudi langu ni kutetea jambo moja: njaa na kiu ya nyanda hizi za kati haiamuliwi mawinguni peke yake. Sehemu kubwa huamuliwa pale tone linapogusa ardhi, na mwamuzi ni udongo pamoja na kile kinachoota juu yake. Tumezoea kuulizana mwaka huu imenyesha kiasi gani. Mimi nataka tuulizane imebaki kiasi gani.

Kabla ya hoja, hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000 za maji. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Zidisheni, mtapata lita milioni mbili na laki tatu kwa ekari. Hayo ni maboza 230 ya lita elfu kumi kumi, yamemwagwa bure shambani kwako. Hata hivyo mkoa huu tunauita mkame, na hatukosei, maana jua na upepo wa hapa vina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya maji hayo kwa mwaka. Penye ushindani wa namna hiyo, hakuna boza la kupoteza.

Hoja ya kwanza: udongo ulio uchi huikataa mvua

Nimekuja na bilauri mbili za maji na madonge mawili ya udongo mwekundu. Yote mawili yametoka mahali pamoja, hatua chache tu kati ya moja na jingine. Moja nimelitoa chini ya kichaka ambacho ng'ombe hawaingii. Jingine nimelitoa kwenye shamba linalolimwa kila mwaka, na mabua yake yote huliwa au huchomwa baada ya mavuno. Naomba mwanafunzi mmoja apite mbele ayatumbukize kwa pamoja. Asante, mwanangu. Sasa tazameni bila haraka.

Donge la shambani limeanza kutoa mapovu. Linameguka pembeni. Limekwisha kuwa uji, na maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. La kichakani bado limekaa vilevile, na ukiangalia upande huu unaona chini ya bilauri. Udongo ni uleule, ila hili la pili limeshikanishwa na mboji, ute wa mizizi na nyuzi nyembamba za kuvu, na katikati ya chembe zake kumebaki vitundu ambamo maji hupita.

Tone kubwa la mvua ya radi lina upana wa milimita tano hivi na hushuka kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa. Likikuta jani au nyasi kavu, nguvu yake inaishia hapo, na maji yanateremka taratibu. Likikuta udongo mtupu linaupasua. Chembe laini zinaruka na kuziba vitundu, kisha jua likitoka unabaki utando mgumu. Mvua ya pili inakuta sakafu. Wakulima mliopo hapa mnaujua utando huo, kwani mnaupiga jembe kila palizi, na mbegu ndogo za uwele hushindwa kuutoboa.

Haya yalipimwa zamani, tena hapa jirani. Miaka ya 1930, pale Mpwapwa, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, akakinga maji na udongo vilivyotoka kila kipande. Kipande kilichoachwa uchi kilimwaga karibu nusu ya mvua yote ya mwaka, na kila hekta ikapoteza karibu tani 146 za udongo. Kipande kilicholimwa nafaka kilimwaga kama robo ya mvua, na tani 78 za udongo. Chenye majani kilimwaga asilimia 2 tu. Chenye kichaka kisicholishwa mifugo hakikufikisha hata asilimia moja, na udongo haukutoka kabisa. Mvua iliyopiga vipande hivyo vyote ilikuwa moja, siku moja, saa moja.

Tani 146 kwa hekta ni kama lori nane za tani saba kutoka kila ekari, kila mwaka. Ukizitandaza, ni unene wa karibu sentimita moja. Kwa wenzangu walimu wa hisabati, hiyo ni kazi nzuri ya kuwapa watoto: shamba lenye sentimita 20 za udongo mzuri litadumu miaka mingapi?

Mimi hunisumbua zaidi ile nusu ya maji. Ardhi inayomwaga nusu ya mvua imeigeuza Dodoma ya milimita 570 kuwa Dodoma ya milimita 285. Kituo cha hali ya hewa hakitauona ukame huo. Kipimo chake kitaandika mwaka wa kawaida. Mkulima ataona mtama umekauka Machi na atasema mvua zimepungua. Pengine zimepungua, pengine hazikupungua. Kwa mmea wake ni mamoja, ila kwetu sisi tunaotafuta dawa si mamoja hata kidogo.

Hoja ya pili: mti nao hunywa

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya rafiki zangu wa misitu. Kauli inayoandikwa kwenye kila bango la siku ya kupanda miti ni kwamba penye miti pana maji. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiongozwa na Charles Pereira, walichagua mabonde mawili madogo kwenye milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili. La pili lilikuwa limelimwa na wenyeji, tena kwenye miteremko mikali. Wakapima mvua iliyoingia na maji ya kijito yaliyotoka, mwaka baada ya mwaka. Wengi walitarajia bonde lililolimwa likauke kiangazi. Mambo yakawa kinyume: ndilo lililotoa maji mengi zaidi, hata kiangazi.

Sababu zake ni mbili. Msitu una mizizi mirefu na majani mwaka mzima, kwa hiyo huendelea kunywa wakati mahindi yamekwisha kuvunwa. Sababu ya pili ndiyo ninayoomba muishike: udongo wa pale ni majivu ya volkano, wenye matundu mengi kiasi kwamba hata ukilimwa bado unameza mvua. Kwa hiyo mkulima wa Mbeya alipokata msitu alipunguza wanywaji bila kuziba mlango wa kuingilia maji. Udongo mwekundu wa Dodoma hauna subira hiyo. Ukiuvua nguo, mlango unafungwa msimu uleule.

Kwa hiyo anayeuliza kama miti huongeza au hupunguza maji hana budi kujibiwa kwa swali: mti gani, kwenye udongo gani, na badala ya nini? Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi haiwezi kutetewa kwa wimbo wa kutunza mazingira. Inakua haraka kwa sababu inakunywa haraka. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za vyanzo vya maji, na shamba la mikaratusi ni shughuli kama nyingine.

Msikimbilie shoka lakini. Februari 1970, kule Mgeta kwenye milima ya Uluguru, zilinyesha zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu hivi. Watafiti walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Yaliyoanzia chini ya msitu hayakufika hata asilimia moja. Mengine yote yalianzia mashambani na kwenye majani. Mzizi unaokunywa maji ndio huohuo unaoushika mlima.

Hoja ya tatu: mti hauliiti wingu kijijini

Hii nitaipita haraka. Mvua ya Dodoma hutoka hasa Bahari ya Hindi, ikiletwa na pepo zinazofuata jua linapohamia kusini kisha kurudi. Kijiji kikipanda miche elfu kumi, wingu halibadilishi njia. Kuwaahidi watu mvua kwa kupanda miche ni kuwakopesha tamaa, na mwaka wa tatu wakiona mvua ni ileile wataing'oa.

Katika eneo kubwa, la ukubwa wa nchi na bara, mambo hubadilika. Mimea hurudisha mvuke hewani na mvuke huo hunyesha tena mbali zaidi. Mwaka 1975 mwanasayansi Jule Charney alieleza, kuhusu ukanda wa Sahel, jinsi ardhi iliyopoteza majani inavyorudisha mwanga wa jua juu na kuifanya hewa ishuke badala ya kupanda, na hewa inayoshuka haifanyi mawingu. Kwenye milima mirefu yapo pia maji ambayo kipimo cha mvua hakiyaoni. Misitu ya juu ya Kilimanjaro hukamata ukungu kwenye majani na ndevu za miti, na unadondoka chini kama mvua. Dunia nzima hulilia barafu ya kile kilele, nami naililia, lakini mito ya Pangani inategemea zaidi msitu kuliko barafu, na moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu huo kwa mamia ya mita. Habari hiyo haina picha nzuri ya gazeti.

Hali ya hewa ikibadilika, hoja ya kwanza inazidi uzito. Kila joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa inayobeba zaidi humwaga zaidi kwa mkupuo, na kati ya mkupuo na mkupuo hukausha zaidi. Maana yake ni matone makali zaidi juu ya udongo uleule ulio uchi.

Hoja ya nne: mvua ya balaa ndiyo inayojaza visima

Kila mtu aliyemo humu ndani leo asubuhi amenawa uso kwa maji ambayo, kwa sehemu kubwa, yalitoka Makutupora, kaskazini mwa jiji. Ni maji ya chini ya ardhi. Na Makutupora ina hazina isiyojulikana na wengi wetu: kumbukumbu ya kina cha maji kisimani iliyoandikwa kwa zaidi ya nusu karne, kati ya zile ndefu kuliko zote katika nchi za tropiki. Watu waliokuwa wakienda kisimani na kamba ya kupimia, mwezi baada ya mwezi, hawakujua kwamba siku moja daftari lao lingeingia katika jarida la sayansi la kimataifa. Liliingia mwaka 2013.

Daftari linaonyesha jambo la kushangaza. Miaka mingi, kina cha maji kinashuka tu, hata ile miaka tuliyosema mvua ilikuwa nzuri. Kisha unakuja msimu mmoja mkali na maji yanapanda ghafla. Msimu wa 1997/98, ule wa El Niño ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa madaraja yaliyobebwa na reli iliyokatika, peke yake ulileta karibu moja ya tano ya maji yote yaliyoingia chini katika miaka 55 iliyochunguzwa.

Sababu inaeleweka. Mvua ya kawaida hulowesha udongo wa juu, mimea hunywa, jua hunyonya yaliyobaki, na hakuna kinachovuka kwenda chini. Ni mpaka mvua ishinde kiu ya mimea na ya jua kwa pamoja ndipo maji yavuke. Sehemu kubwa yanavukia kwenye vitanda vya mchanga vya mito kama Kinyasungwe Ndogo, ambayo kwa miezi mingi ni njia ya ng'ombe na ya bodaboda.

Mnaona tulipofika. Nilianza kwa kulaani maji yanayotiririka, sasa nasema maji yanayotiririka ndiyo yanayotunywesha. Siifuti hoja ya kwanza. Ninachosema ni kwamba maji yana kazi mbili katika nyanda hizi, na kila kazi ina mahali pake. Mlimani na shambani tunataka yazame palepale yalipotua, yamlee mmea. Yale yanayozidi, yasiyozuilika, tunataka yafike mtoni yakiwa safi na yakute mchanga ulio wazi. Yakija yamebeba tope, tope hilo litaziba mchanga kama lilivyoziba vitundu vya lile donge. Bwawa la Ikowa, wilayani Chamwino, lilijengwa mwaka 1957. Watafiti walipolipima mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta tope limekwisha kumeza sehemu kubwa ya nafasi ya maji. Na anayechota mchanga wa mtoni kwa malori, kwa ajili ya maghorofa yanayochipuka mji wote huu, anabeba paa la kisima chetu. Hilo nitaliacha kwa waheshimiwa wa jiji.

Hoja ya tano: nyasi zilirudi, lakini kwa bei gani?

Waliozaliwa Kondoa mnajua ninachoelekea. Mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa makao makuu ya nchi yahamie hapa, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Katika milima ya Irangi, huko Kondoa, eneo la kilomita za mraba 1,256 lilikuwa limechanwa na makorongo ambayo mtu angeweza kusimamisha nyumba ndani yake. Wakapanda miti, wakachimba matuta kwa matrekta. Halafu mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote iondoke.

Kilichofuata kiliwashangaza hata wenye mradi. Majani yalirudi yenyewe, kisha vichaka, kisha miti ya miombo kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini muda wote. Miche ya kitaluni haikuwa shujaa wa hadithi hii. Mbegu na mizizi vilikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi ya kupumua.

Bei ililipwa na watu. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walihamishiwa kwa ndugu na marafiki nje ya eneo, wengine wasirudi kwa mwenyewe. Familia zilikosa maziwa, samadi na mahari. Mpaka ufugaji wa ng'ombe wachache wa ndani ulipoletwa miaka kumi hivi baadaye, mtu aliyefuga nyumbani kwake alikuwa mvunja sheria. Mimi siwezi kuisifu Kondoa bila kulitaja hilo, na simwamini anayeonyesha zile picha za kijani bila kulitaja.

Shinyanga walipita njia nyingine. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani, kipande cha malisho kinachofungwa masika ili kiangazi ng'ombe wapate pa kukimbilia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu zinazojulikana. Badala ya kufukuza ng'ombe, waliirudisha sheria ya wenyeji wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mfugaji alikuwa mlinzi wa majani kwa sababu majani yalikuwa ya ng'ombe wake.

Na hapa kwetu sasa kuna kisiki hai. Mkulima hachimbi shimo la mche wala habebi maji kichwani. Anatafuta kisiki kinachochipua shambani mwake, anachagua vichipukizi vichache vilivyonyooka, anapogoa vingine na kufunga kitambaa ili mchungaji ajue kina mwenyewe. Mizizi ya kisiki hicho ilikwisha kufika chini miaka mingi iliyopita. Yapo pia mashimo ya Chololo, yenye upana na kina cha shibiri moja hivi, yanayotiwa samadi kabla ya mvua. Mchwa huifuata samadi, huchimba, na vichuguu vyao hugeuka mifereji ya kuteremshia maji. Mdudu tunayemlaani anapokula mabua ndiye tunayemwajiri hapa bila mshahara.

Kuhusu siku zijazo

Sitawapa orodha ya mapendekezo kwa serikali. Mnazo za kutosha makabatini. Nina ombi moja kwa walimu wa sekondari waliopo hapa, na nimekwisha kulizungumza na baadhi yenu nje wakati wa chai.

Kila shule itenge vipande viwili vya ardhi, mita mbili kwa tano, kwenye mteremko mmoja. Kizungushieni kila kipande matofali au bati lililozamishwa ardhini, na upande wa chini mzike pipa la lita 200. Kimoja kifagieni kibaki uchi. Kingine kitandazeni mabua na majani makavu. Katikati muweke kipimo cha mvua. Eneo likiwa mita za mraba kumi, kila milimita ya mvua ni lita kumi, kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kufanya hesabu bila kikokotoo. Baada ya kila mvua, pimeni maji yaliyomo kwenye kila pipa, chujeni tope, likaushwe, lipimwe kwa mizani ya duka la jirani. Andikeni tarehe.

Kazi hiyo ilifanyika Mpwapwa karibu karne moja iliyopita kwa vifaa visivyopita hivyo. Ikifanyika katika shule ishirini za mkoa huu, kwenye udongo wa aina ishirini, kufikia Juni, mavuno yakiwa yamekwisha, tutakuwa na ramani ambayo leo hakuna ofisi iliyo nayo: wapi ardhi bado inapokea mvua, wapi imeacha, na wapi samadi na mabua vimeigeuza. Maafisa ugani watajua waanze na kata ipi. Wazee watakuwa na la kuwaonyesha wajukuu badala ya kusimulia tu.

Mvua za kwanza kwa kawaida huingia Desemba. Mnayo Novemba nzima ya kutafuta mapipa.

Mheshimiwa mwenyekiti, mzee mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ng'ombe wa Kondoa. Naomba yeye apewe nafasi ya kwanza.